Shemeji, Tuma Mvua

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimeuona! Mwezi umepatwa wote, tangu saa mbili na nusu, na mawingu yamenihurumia mara moja katika maisha yao. Nilibeba kiti mpaka nyuma ya kigango cha kanisa, pale kilima kinapoishia, maana nyumbani migomba inaziba anga. Ukisimama pale, mbele yako ni bonde lote mpaka Ngenge. Ukigeuka, ziwa. Hakuna sehemu nzuri kama hiyo Muleba nzima na hakuna anayekaa pale isipokuwa mimi na mbuzi wa katekista.

Mwezi ulikuwa na rangi ya kahawa mbivu inayoanza kukauka. Karibu yake Zohali, imetulia zake. Darubini niliyonunua kwa Lukmani, yule wa mitumba sokoni Bukoba, jicho la kushoto lina ukungu. Pete za Zohali sikuziona. Lukmani aliapa nitaziona. Lukmani anaapa hata kuhusu viatu.

Mdogo wangu Immakulata akapiga simu kutoka Ngenge. Yeye uani kwake na watoto, mimi huku juu, tunaangalia mwezi mmoja. Mama alituacha wawili tu. Tulipokuwa wadogo tulilala chali kwenye mkeka wa kuanikia kahawa tukagawana nyota — hizi zangu, zile zako — na mpaka leo ile nyekundu ya magharibi ni yake. Ameiulizia. Nimemwambia ipo, sijaiuza.

Damian, mumewe, akampokonya simu. Shemeji, umeufanya nini mwezi wetu? Nikamwambia nimeuagiza mimi, avumilie. Maana Alhamisi niliweka status: JUMAPILI USIKU MWEZI UTAKUWA MWEKUNDU. NIMESHAAGIZA. Akasema basi niagize na mvua, mahindi yanakauka. Kila mwaka mimi na huyu mwanaume tunataniana hivi, na kila mwaka mahindi yake yanakauka.

Wakati narudi nikamkuta jirani yangu Annastella mlangoni kwake. Akaniuliza, kwa upole kabisa, nilijuaje. Nikamwingiza ndani, nikachukua chungwa, limau na kibatari, nikamweleza jua, dunia, mwezi. Akaitikia ee, ee. Kisha akauliza tena: sawa, lakini siku uliijuaje?

Jumatano, 10 Septemba 2025

Leo wateja wote wanataka kujua mvua itanyesha lini. Napima mtu kiuno, ananiuliza mvua. Wameanza kuniita fundi wa mawingu. Cherehani inanilisha, mawingu hayajanilisha hata siku moja, lakini jina nimepewa la mawingu.

Ukweli ni kwamba nakosea nusu ya siku. Ninachojua ni kidogo. Usiku radi zinacheza ziwani, upande wa Goziba, alfajiri zinatufikia zimechoka. Mvua ya mchana inapikwa huku huku nchi kavu, unaiona inavimba kama unga unaochachuka, halafu inachagua pa kwenda na haimwambii mtu. Mimi naangalia tu. Napenda. Wengine wanapenda mpira.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Baada ya misa nimesimama nje na darubini shingoni. Katekista ameniambia, kwa kicheko lakini si kicheko, kwamba watu wa zamani waliokuwa wanaangalia sana juu walikuwa na kazi yao. Nikamuuliza kazi gani. Akasema aah, mambo ya zamani, Ma Evelyne.

Mvua hakuna. Vumbi mpaka kwenye nyuzi.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Alfajiri nzuri kuliko zote za mwaka huu! Mwezi mwembamba, kama ukucha uliokatwa, umekaa ubavuni mwa Zuhura. Nilisimama na khanga ya kulalia mpaka miguu ikalowa umande. Nimempigia Immakulata atoke nje. Akatoka, akasema ee Mungu wangu. Tumekaa kwenye simu bila kusema kitu, vocha inakwisha, hatujali.

Saa nane mchana. Wingu linavimba! Liko nyuma ya vilima vya kusini, kichwa cheupe, tumbo jeusi, na linaelekea bondeni. Nimefunga cherehani. Nimeweka status: NGENGE ANDAENI NDOO. LEO NAWATUMIA MVUA KUBWA.

Damian amenijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka mpaka anakohoa. "Shemeji, tuma mvua! Tuma hata na radi zake, mradi mahindi yanywe!" Nikamwandikia: Sawa. Inakuja.

Nakwenda kigangoni.

Jioni. Sijui naandikaje.

Niliiona yote. Ilikuwa nzuri, hilo nalo niliseme, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Pazia la mvua limeshuka bonde zima, na ndani yake umeme. Mmoja ulishuka wima, mnene, mweupe, ukasimama kama vile hautaki kuondoka. Nilipiga makofi. Nilipiga kelele ya furaha kama mtoto. Katekista alikuwa anafungua mbuzi, akageuka kunitazama.

Halafu simu ya Immakulata. Sikuelewa neno. Mtu mwingine akachukua simu akaniambia Damian amepigwa na radi, amekufa hapo hapo.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Alitoka nje kuweka ndoo.

Immakulata ndiye aliyenisimulia, asubuhi, kwa sauti isiyo yake. Mvua ilipoanza, Damian alitoka akicheka, anawaambia watoto mama mkubwa wenu kaleta kweli. Akachukua ndoo mbili na lile pipa, akaliburuta mpaka chini ya mchirizi wa bati. Ndipo.

Miaka yote namwambia kila mtu: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Jana nilimwambia aandae ndoo.

Sijui kama ni ule umeme nilioupigia makofi. Miale ilikuwa mingi. Naogopa kwamba ni ule.

Jumapili, 21 Septemba 2025

Tumemzika. Wamemzika — mimi nilikuwa mbali kidogo.

Nilikwenda kwa bodaboda alfajiri, mkungu mzima wa ndizi nyuma yangu na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu cha mama. Nilipokewa vizuri. Walipokea mkungu, wakauweka chini ya mparachichi, pembeni ya rundo la mikungu ya wengine. Nikajiunga na wanawake kumenya. Mmoja akanichukulia kisu mkononi, taratibu, akasema pumzika waitu, kwa ile heshima yetu ya Kihaya, umetoka mbali.

Nimepumzika. Nimekaa kwenye kigoda naangalia mikono ya wenzangu. Rundo likapungua, likapungua, likaisha. Wakaanza kukoroga uji wa watoto kwa sababu ndizi hazikutosha. Mkungu wangu ulikuwa bado pale pale, mzima, kuku wanauzunguka.

Kaka yake marehemu, Ta Byarugaba, ndiye mkuu wa ule mji. Mtu mpole, ana sauti ya kusoma masomo kanisani. Alikuja akaniambia nikae upande ule wa juu wakati wa kuzika, kwenye kivuli, jua ni kali. Jua! Ilikuwa na wingu jembamba tu. Nikaenda. Kutoka pale nilisikia wimbo lakini sikusikia udongo.

Mvua haikunyesha mpaka tukamaliza. Nyuma yangu mzee mmoja akamwambia mwenzake kwa Kihaya: unaona, leo ameishika.

Immakulata hakunitazama. Amefunikwa khanga kichwani, anashikiliwa huku na huku. Labda hakuniona. Nilikuwa juu kule, kivulini, pengine hakujua kama nipo.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Status inakaa siku moja inafutika. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Kumbe kuna mtu aliipiga picha, na sasa inazunguka kwenye magrupu. Ya mwezi na ya ndoo, zote mbili, moja juu ya nyingine. NIMESHAAGIZA. NAWATUMIA. Chini yake ni jina langu na picha yangu ya ubatizo wa mtoto wa Maulida — hapana, Maulida ni Mwislamu, ilikuwa akika. Nimevaa gauni la bluu nililoshona mwenyewe. Gauni zuri.

Maulida mwenyewe amenipigia kutoka Hamugembe. Tulijifunza cherehani pamoja, haogopi kitu huyu. Anasema imefika mpaka kwao Bukoba. Njoo ukae kwangu, mjini watu wana haraka, watakusahau. Nimemwambia nikiondoka sasa nitakuwa nimekiri. Akasema na ukibaki?

Waamini wote. Annastella aamini, katekista aamini, Bukoba nzima iamini. Immakulata asiamini. Sitaki kingine.

Ijumaa, 26 Septemba 2025

Immakulata hapokei simu. Nimepiga asubuhi na jioni.

Lakini nimekumbuka — ile sauti! Sauti ya Damian ninayo. Anacheka mle. Mtu yeyote akisikia vile anavyocheka atajua ulikuwa utani, wa shemeji na shemeji, wa kila siku. Kesho wanakaa kikao cha familia. Ta Byarugaba ameniruhusu nije.

Nitalala mapema. Nimechaji simu mpaka ikajaa.

Jumamosi, 27 Septemba 2025

Nimeharibu.

Walikuwa ndani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye nyasi. Immakulata kaegemea ukuta. Nikasalimia, nikaeleza, nikaweka simu mezani, nikabonyeza.

Damian akacheka. Akajaa chumba kizima. "Shemeji, tuma mvua! Tuma hata na radi zake!" Mama yake akapiga yowe. Wanawake wakaanza kulia upya kama siku ile ya kwanza. Immakulata aliinua kichwa — ndiyo mara pekee leo — akaitazama simu. Siyo mimi. Simu.

Ta Byarugaba akaomba irudiwe. Nikairudia. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mwalimu:

Kwa hiyo aliomba mwenyewe?

Nikasema ndiyo, kwa utani.

Na radi alizitaja?

Kwa utani, Ta.

Na wewe ukamjibu sawa, inakuja?

Ndiyo.

Na ikaja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, ya joto na baridi, ya hewa inayopanda. Yeye akawageukia wenzake akasema basi, hakuna ugomvi. Tulidhani kuna chuki. Hakuna chuki. Mtu aliomba, akapewa. Halafu akanigeukia mimi, na macho yalikuwa yamejaa machozi: "Ila wewe, waitu, si ungempunguzia kidogo?"

Hawanidai kitu. Wameniomba tu nisiitaje tena Ngenge kwenye simu, na nisije bila kuitwa. Walinisindikiza mpaka barabarani, wote, kwa heshima, kama unavyomsindikiza mtu usiyetaka ageuke.

Nilikwenda na ushahidi wa kuniokoa, nikawaachia wa kunifunga. Mjinga mimi!

Jumanne, 30 Septemba 2025

Wateja watatu wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Hawajashonewa. Mmoja amesema harusi imeahirishwa, mwingine kasema mtoto amenenepa, wa tatu hakusema chochote, alichukua tu.

Annastella alipita kuomba moto. Nikamtolea kahawa ya kutafuna. Kwetu hapa, mgeni asipopewa kahawa ni tusi, na akiikataa ni tusi kubwa zaidi. Akasema jino linamuuma. Miaka yote namfahamu Annastella, anatafuna mifupa.

Mvua imenyesha leo kidogo. Ikinyesha nimeituma. Isiponyesha nimeishika. Sina siku ya mapumziko.

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Nimecheka leo, kicheko kibaya.

Mtu amekuja na kuku. Anaitwa Kahangwa, sijamwona maisha yangu, ametoka upande wa ziwa. Akaketi, akatafuna kahawa yangu — huyu alitafuna! — akaisifia. Nikafurahi kama mwenda wazimu. Mgeni, anatafuna, anazungumza! Nikamwongezea.

Kisha akanieleza shida. Jirani yake amehamisha mpaka wa kibanja, amekula migomba mistari miwili. Baraza la kata wamemzungusha. Anataka radi kidogo tu. Si kumuua, akasema, sisi ni Wakristo. Bati tu. Au ng'ombe.

Nikasimama, nikamfukuza kwa ufagio. Anarudi nyuma mpaka kwenye migomba, ananyanyua mikono, ananiambia naelewa Ma Evelyne, naelewa, kuku ni kidogo, nitaleta mbuzi.

Kuku amemwacha. Yuko jikoni, amefungwa mguu, ananitazama. Simchinji. Simrudishi, sijui kwake. Nimempa mahindi.

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Mwezi mpevu leo. Nimefunga dirisha.

Darubini nimeiweka ndani ya debe la vitambaa, chini kabisa. Sijaangalia juu tangu mazishi. Nilidhani nitateseka. Sisikii kitu. Ni kama kuacha sukari kwenye chai, unazoea, na chai inakuwa kitu cha kunywa tu.

Leo Maulida amenitumia ujumbe: chumba cha nyuma kipo, cherehani itaingia, nimepima mlango. Sijamjibu. Nikienda Hamugembe, Immakulata akija hapa atakuta kufuli.

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Kuna harusi Jumamosi pale chini. Mama wa bibi harusi amekuja jioni, amejifunika, kanipa parachichi tano kwenye mfuko. Hakuomba kitu. Alisema tu: ni Jumamosi, saa saba, hakuna turubai. Akaondoka haraka. Ndiyo mwanamke yule yule aliyechukua kitambaa chake wiki iliyopita akidai harusi imeahirishwa.

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Immakulata amekuja!

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilikuwa nachambua maharage. Nikasikia hodi, na sauti nikaijua kabla ya kuinua macho. Amevaa nguo nyeusi, amekonda, mabega yametokeza. Peke yake. Nikainuka, maharage yakamwagika, nikafungua mikono — na yeye akapiga magoti. Pale mlangoni, kwenye udongo. Akanisalimia kwa Kihaya salamu yote, ile ndefu, ya kumpa mzee.

Sisi hatujawahi. Mimi na Immakulata hatujawahi kupigiana magoti, mama alikuwa anatugombeza kwa ajili hiyo, tulikuwa tunasalimiana kwa kusukumana. Nikamnyanyua. Nikamwambia acha mambo yako, ingia. Ni huzuni, nafikiri. Ujane unamfundisha mtu adabu za ajabu. Wifi zake pale wanamkalisha chini siku nzima.

Nikampa kahawa. Alichukua, akaweka mdomoni. Akatafuna! Zote, mpaka maganda. Nikampa tena, akachukua tena, akasema asante. Nilikwenda jikoni kwa uongo kwamba naangalia moto, nikalia kidogo, nikafuta uso, nikarudi.

Hatukumtaja Damian. Tulizungumza watoto: Audax amepanda kidato, mdogo wake anakojoa kitandani tangu siku ile. Nilimpikia. Akala kila nilichoweka. Nikimwongezea anakula, na nilimwona ameshiba, jasho linamtoka, lakini anakula.

Nikasema ile nyota yako ipo bado, ila inawahi kuzama siku hizi. Akasema ndiyo, waitu. Nikasema utakapoondoa tanga njoo na watoto mkae hapa likizo yote. Akasema ukitaka wewe.

Wakati wa kuondoka alitoa kwenye mkoba kitambaa kizuri, kipya, akakiweka kwenye kiti. Nikadhani anataka nimshonee. Nikachukua futi nimpime. Akasema hapana, ni chako.

Amekuja. Amekula kwangu. Nimeandika hivyo na nitaisoma kesho tena nikiamka. Lakini yale magoti siyapendi.

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Nimesoma. Bado siyapendi.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Naandikia hapa nyuma ya kigango, daftari kwenye paja. Nilisema sitakuja tena. Lakini tangu saa saba wingu lilikuwa linavimba upande ule ule, nyuma ya vilima vya kusini, na sikuweza kushona. Nimekuja bila darubini. Lina kichwa kipana, kimeanza kutanuka juu kama uyoga. Tumbo limekuwa jeusi. Linakwenda bondeni.

Sijaandika kitu kwenye simu. Sijamwambia mtu.

Simu imeita. Immakulata!

Niandike alivyosema kabla sijaanza kujidanganya kwamba alisema vingine.

Alisema kwa kunong'ona: "Ma Evelyne, waitu, naliona. Watoto wako njiani, wametoka shule." Ma Evelyne. Siyo dada. Nikamwambia sikiliza, wapigie walimu, watoto waingie nyumba yoyote iliyo karibu, wasisimame chini ya mti, wasishike bati. Akasema ndiyo, waitu. Ndiyo. Nikadhani tumemaliza. Akasema: "Lakini utawaacha?"

Nikamuuliza nini.

"Nilikuja. Nilipiga magoti. Nilikula kila ulichonipa. Sijamwambia mtu neno baya juu yako, hata mama mkwe alipotaka niseme. Yule ulishamchukua, sikukuuliza. Hawa niachie. Nakuomba, nakuomba."

Immakulata wangu. Wa mkeka wa kahawa.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maelezo yote. Nikamkumbuka Annastella na lile chungwa na lile limau, ee, ee, lakini siku uliijuaje? Na upande wa pili wa simu nilimsikia anahema, na upepo umeanza kupiga bati lake. Angesikia nini mle ndani? Angesikia nimekataa.

Nikasema: "Nitawaacha."

Akasema asante. Asante waitu, asante, Mungu akuzidishie. Akalia. Akakata.

Basi. Nimekiri. Ta Byarugaba hakunifikisha hapa, wala katekista, wala ile picha inayozunguka. Nimesema mwenyewe, kwa mdogo wangu, kwa mdomo wangu. Watoto wakifika salama, ni mimi niliyewaacha, na Damian ni mimi niliyemchukua. Wasipofika —

Wingu limeuvuka mto. Nimesimama bila kujua kama nasimama. Nimenyoosha mkono, kiganja kimeelekea bondeni, nikajiona nilivyo, nikaurudisha. Kisha nikasema. Kwa sauti, kwa Kihaya, kwa sauti ile mama aliyokuwa anawafukuzia ng'ombe wa watu kwenye kibanja: geuka! Geuka, toka hapo!

Nimesikia kitu nyuma. Katekista yupo na mbuzi wake. Amevua kofia.

Halijageuka. Mvua imeshaanza kushuka, ninaiona, kijivu, upande wa barabara ya shule. Umeme. Wa kwanza. Nimejaribu kumpigia Immakulata aniambie tu wameingia, na simu yake inaita, inaita, hapokei. Bado iko sikioni.

Umeme tena. Inaita.